Dira, Kibla, na Nyumba za Kuangalia Sumaku ya Ardhi
Darsa kwa watu wa pwani wasafirio Bukoba na Muleba

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Aliyeifanya Al-Kaaba kuwa ni mahali pa kuelekewa na Waislamu wa pembe zote za dunia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: mtu wa pwani huzaliwa Mombasa, au Tanga, au Unguja, akakua akiona misikiti ya mji wake imeelekea kaskazini. Baba yake alisali kaskazini, na mwalimu wake wa chuo alimsimamisha kaskazini, hata neno hili "kibla ni kaskazini" likakaa moyoni mwake kama jambo lisilohitaji dalili. Kisha hupata safari ya bara. Hufika Bukoba, penye mwambao wa magharibi wa Ziwa Nyanza, au hushuka kusini hata Muleba kwa biashara ya kahawa au ya samaki. Wakati wa sala humkuta katika chumba cha kupanga, wala hapana msikiti karibu. Basi hutoa dira yake, huitazama sindano, huelekea iliko ncha ya kaskazini, na hufunga sala.

Mtu huyu ameingia katika makosa mawili, moja kubwa na moja dogo, wala hana khabari ya lolote katika hayo. Kosa kubwa ni kuchukua kibla cha kwao akakipeleka katika nchi isiyokuwa yake. Kosa dogo ni kuiamini sindano pasina kuuliza habari zake. Darsa hii imeandikwa ili kueleza yote mawili, na kueleza kazi ya watu wanaoichunguza hiyo sindano usiku na mchana katika nyumba zilizojengwa kwa ajili hiyo.

FASILI YA KWANZA: HUKUMU YA KUELEKEA KIBLA

Mwenyiezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 144, kuelekeza nyuso upande wa Msikiti Mtakatifu popote walipo Waislamu. Kwa amri hiyo wanavyuoni wamekubaliana kwamba kuelekea kibla ni sharti ya kusihi sala, ila katika khofu kubwa ya vita, na katika sala ya sunna ya msafiri aliye njiani.

Lakini wamekhitalifiana katika mtu aliye mbali na Maka: je, yampasa kuielekea Al-Kaaba yenyewe, au yamtosha kuelekea upande wake? Wengi katika wanavyuoni wa madhehebu nyingine wamesema upande watosha. Ama kauli yenye kutegemewa katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba yampasa kuielekea Al-Kaaba yenyewe. Aliye karibu nayo kwa yakini, na aliye mbali nayo kwa dhana yenye nguvu. Wala mtu asidhani kwamba dhana hapa ni kubahatisha. Dhana yenye nguvu ni ile iliyojengwa juu ya dalili, na dalili yataka kujifunza.

Daraja za kujua kibla ni nne. Ya kwanza ni kujua mwenyewe kwa yakini. Ya pili ni khabari ya mtu mwaminifu asemaye kwa ujuzi, na mihirabu ya Waislamu imo katika daraja hii. Ya tatu ni ijtihadi, yaani kutafuta kwa dalili za jua, nyota, na mfano wake. Ya nne ni taklidi, nayo ni ya mtu asiyeweza ijtihadi, amfuate anayeweza. Na wanavyuoni wamesema kwamba kujifunza dalili za kibla ni faradhi ya kutosheana kwa watu wa mji, lakini kwa msafiri aendaye mahali pasipo wajuzi hugeuka ikawa ni faradhi juu yake yeye mwenyewe. Hukumu hii ndiyo imhusuyo yule mfanyabiashara wa pwani aliye katika chumba chake Muleba.

Na dira, ambayo vitabu vya Kiarabu huiita nyumba ya sindano, imo katika dalili za ijtihadi. Wanavyuoni wa baadaye wa madhehebu ya Shafi, kama Shamsuddin Ar-Ramli, wameruhusu kuitegemea kwa kuwa huleta dhana. Wala si jambo geni kwa Waislamu. Sultani wa Yemen, Al-Ashraf Umar wa ukoo wa Rasuli, aliyefariki mwaka 1296, aliandika risala yenye kueleza namna ya kuitumia sindano ya sumaku kutafutia kibla.

FASILI YA PILI: KIBLA CHA PWANI NA KIBLA CHA BUKOBA

Yamkini mtu akauliza: kwa nini kibla cha pwani kiwe kaskazini, na cha Bukoba kisiwe hivyo? Jawabu ni kwamba Maka iko karibu sawasawa kaskazini ya Mombasa. Urefu wa Maka kuelekea mashariki ni kama daraja 39 na nusu na ziada, na Mombasa hali kadhalika. Daraja hapa ni zile zinazoitwa digrii, ambazo 360 kati yake hutimiza duara. Ukihesabu kwa hesabu sahihi, kibla cha Mombasa hakipotoki kaskazini hata kwa daraja moja. Cha Unguja na Dar es Salaam ni kiasi cha daraja moja tu kuelekea mashariki. Cha Tanga daraja moja na nusu. Na cha Lamu kama daraja mbili na nusu kuelekea magharibi. Kwa hiyo wazee wa pwani waliposema kibla ni kaskazini walisema kweli kwa nchi yao.

Ama Bukoba iko magharibi ya Maka kwa daraja nane. Kibla chake ni daraja 18 na nusu kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na cha Muleba ni hicho hicho. Umbali wa kutoka Bukoba mpaka Maka ni kama kilomita 2,675, na kwa umbali huo kila daraja moja ya kosa humpitisha mtu mbali na Al-Kaaba kwa kilomita 45. Basi asimamaye Bukoba akaelekea kaskazini halisi, mstari wa kifua chake huvuka Uganda na Sudan, ukapita karibu na Wadi Halfa penye Mto Nile, ukaiacha Maka upande wa kulia kwa kilomita zaidi ya 800, na Bahari ya Sham imo katikati.

Watu wa pwani si wageni wa siku hizi katika nchi hiyo. Kabla ya mwaka 1861, alipofika Speke kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imekwisha kupita Tabora na kupanda mpaka huko, na Kafuro ilikuwa kituo chao cha biashara. Na mji wa Bukoba ulianza kuwa boma la Wadachi mwaka 1890, alipofika Emin Pasha. Tangu zama hizo mtu wa pwani amekuwa akipanda huko na vitu vyake, na katika vitu hivyo mara nyingi huchukua na kibla cha kwao.

Tena vitabu vya fikihi husema kwamba nyota ya kutegemewa zaidi ni ile ya kaskazini, kwa kuwa haiondoki mahali pake. Maneno hayo ni kweli kwa mtu wa Sham, na wa Misri, na wa Hadhramaut. Lakini Bukoba iko kusini ya mstari wa Ikweta kwa daraja moja na sehemu, na nyota hiyo imezama chini ya upeo wa macho. Mtu wa Bukoba haioni, wala wa Mombasa haioni. Kwa hiyo dalili zilizobakia kwa watu wa nchi hizi ni jua na sindano.

FASILI YA TATU: HABARI ZA SINDANO

Watu wengi hudhani kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini halisi. Jambo hilo si kweli. Sindano hufuata sumaku ya ardhi, na sumaku ya ardhi haikulingana sawasawa na kaskazini. Kila mahali kuna mpotoko wake. Katika Bukoba ya leo mpotoko ni mdogo, haufiki daraja 3; lakini Hermanus, karibu na Cape Town, sindano hupotoka kuelekea magharibi kwa daraja zaidi ya 25. Lau mtu angeichukua dira ya Bukoba akaitumia huko bila ya kusahihisha, angekosea robo ya daraja mia.

La pili ni kwamba mpotoko haukai mahali pamoja. Khabari zilizoandikwa London zatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1580 sindano ilipimwa huko ikaonekana imepotoka mashariki kwa daraja 11. Katika karne ya 17 ikarudi hata ikawa sawa na kaskazini. Ikaendelea kwenda magharibi, na mwanzo wa karne ya 19 ilifika daraja 24. Kisha ikarejea, na mwaka 2019 ikawa sawa tena na kaskazini pale Greenwich. Na huku Afrika ya Mashariki, mwanzo wa karne ya 20 mpotoko ulikuwa wa magharibi kwa daraja kadhaa, kisha ukawa ukipungua mwaka baada ya mwaka. Basi msikiti uliojengwa bara zama hizo kwa sindano peke yake haukosi kuwa na kosa ambalo sindano ya leo hailionyeshi.

Sababu ya kugeuka huku ni kwamba asili ya sumaku ya ardhi iko ndani sana, kiasi cha kilomita 2,900 chini ya miguu ya watu, ambako chuma kilichoyeyuka kwa joto hutembea mfano wa maji yachemkayo. Mwendo wake ukigeuka, sumaku nayo hugeuka. Hata ncha ya kaskazini ya sumaku imehama kutoka pande za Kanada kuelekea Siberia, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa ikienda kiasi cha kilomita 50 kwa mwaka.

La tatu ni mambo ya karibu. Sindano hudanganywa na chuma: mabati ya paa, nondo za nguzo, kitanda cha chuma, kisu kilichoko mfukoni. Ndani ya meli ya chuma iendayo Mwanza, dira ya abiria haina neno la kusikilizwa. Mawe pia hudanganya. Nchi ya Kagera ni nchi ya chuma tangu kale: Kemondo, baina ya Bukoba na Muleba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Na katika udongo wa tanuri kuna ajabu, kwamba udongo uliookwa kwa moto mkali, ukipoa, huhifadhi ndani yake uelekeo wa sumaku ya siku ile, mfano wa mwandishi aliyeandika kisha asifute.

La nne ni kuinama kwa sindano. Bukoba iko kusini ya mstari ambao sindano hulala sawasawa, kwa hiyo ncha ya kusini huvutwa chini. Dira iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ulaya huenda ikainama huku ikakwaruza kioo, na mwenye kuitazama akadhani imetulia kumbe imekwama.

Ikiwa hayo ndiyo mambo yake, sindano ni shahidi. Na shahidi mbele ya kadhi hakubaliwi mpaka aulizwe habari zake kwa watu wamjuao, tena habari hizo zisiwe za zamani, kwani mtu hugeuka. Nani basi aijuaye sindano hata akaitolea ushahidi?

FASILI YA NNE: NYUMBA ZA KUANGALIA SUMAKU

Waijuao ni watu wa nyumba za kuangalia sumaku ya ardhi. Nyumba ya namna hii hujengwa mbali na mji, kwa mbao na mawe yaliyochaguliwa, na misumari yake ni ya shaba. Haingii humo chuma. Mpimaji aingiapo huacha nje funguo, saa, kisu, na mshipi wenye bizimu ya chuma. Zamani ndani yake zilitungikwa sindano kwa uzi mwembamba wa hariri, zikafungwa kioo kidogo kilichorudisha mwali wa taa juu ya karatasi ya picha iliyozunguka polepole. Sindano ikitikisika kidogo, mwali ulichora mtikisiko huo katika karatasi. Siku hizi vyombo vya umeme huandika nguvu na uelekeo wa sumaku kila nukta. Hata hivyo chombo kiachwacho peke yake hupotea kidogo kidogo, kwa hiyo mtu hufika kwa zamu, kila juma au zaidi, akapima kwa mkono wake na jicho lake kwa kufuata alama ya mbali iliyojulikana uelekeo wake halisi, ili kukisahihisha. Kazi hii haina mwisho. Faida yake haionekani kwa siku moja, huonekana kwa miaka mingi iliyofuatana bila ya kukatika.

Nyumba iliyo mashuhuri zaidi kwa watu wa Bahari ya Hindi ni ile ya Bombay, mji ambao majahazi ya pwani yalikuwa yakiujua vyema. Hapo Colaba walianza kupima sumaku mwaka 1841. Septemba ya mwaka 1859 mlipuko ulionekana katika uso wa jua na mtu mmoja wa Uingereza jina lake Carrington. Haikutimia siku moja, sindano za Colaba zikatikisika mtikisiko mkubwa kuliko wote uliopata kuandikwa humo. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba jua nalo lina mkono katika mambo ya sindano. Baadaye mji wa Bombay ulipotaka kuleta magari ya reli yaendayo kwa umeme, wapimaji walijua kwamba umeme huo utaziharibu hesabu zao. Basi wakajenga nyumba mpya Alibag, ng'ambo ya maji, ikaanza mwaka 1904. Wakapima pahala pawili kwa pamoja hata mwaka 1906, ili hesabu za kale ziungane na mpya zisikatike. Na tazama, ewe msomaji, adabu ya watu hawa: hawakuhama mpaka walipohakikisha kwamba silsila haikukatika, kama wafanyavyo watu wa Hadithi katika isnadi zao.

Afrika haikubahatika kuwa na nyumba nyingi za namna hii. Kusini iko ile ya Hermanus, iliyohamia huko kutoka Cape Town mwaka 1941 kwa sababu kama ile ya Bombay, yaani reli ya umeme. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walianza mwaka 1932. Addis Ababa ilianza mwaka 1958, na mahali pake ni pa thamani kwa kuwa pako karibu na mstari ambao sindano hulala sawa. Nairobi walipima katika miaka ya 1960 na 1970. Na katika mwongo wa kwanza wa karne hii ya 21, Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kiliweka vyombo vyake katika miji mingi ya Afrika, na Dar es Salaam ikiwamo. Bukoba na Muleba hazina nyumba ya namna hii. Hesabu zao hutolewa kwa kulinganisha zile za nyumba za mbali, na za vyombo vizungukavyo angani juu ya dunia.

Kutokana na hesabu hizo zote wataalamu hutengeneza jedwali moja la dunia nzima, lenye kueleza mpotoko wa kila mahali, nalo hutolewa upya kila miaka mitano kwa kuwa hesabu huchakaa. Mwaka 2019 walilazimika kulitengeneza kabla ya wakati wake, kwa sababu ncha ya sumaku ilikwenda mbio kuliko walivyokadiria. Jedwali hilo ndilo lililomo ndani ya simu za mkononi. Kijana afunguaye simu akaonyeshwa kibla hajui kwamba nyuma ya mshale ule kuna watu walioacha funguo zao mlangoni. Wala simu nayo haikusalimika: ikiwa katika mfuko wenye sumaku, au karibu na chuma, hupotea kama ipoteavyo dira.

FASILI YA TANO: NAMNA YA KUSAHIHISHA KIBLA BUKOBA NA MULEBA

Ziko njia mbili zisizohitaji sindano, na kila moja ni rahisi.

Njia ya kwanza ni siku za jua kusimama juu ya Maka. Kila mwaka jua hupita juu ya Al-Kaaba sawasawa mara mbili: tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Katika mwaka mrefu wenye siku 366, tarehe huwa ni 27 Mei na 15 Julai. Saa ya Afrika ya Mashariki na saa ya Maka ni moja, kwa hiyo haihitaji kugeuzwa. Simika fimbo iliyonyooka wima kabisa, uhakikishe kwa timazi. Ikifika dakika hiyo, tia alama penye ncha ya kivuli. Mstari utokao katika ncha ya kivuli kwenda penye shina la fimbo ndio kibla. Huko Bukoba fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha kiasi cha sentimita 45, nacho chatosha. Mwezi wa Mei ungali na mvua za masika huko, basi Julai ni bora, kwa kuwa ni kiangazi. Mawingu yakizuia, siku iliyotangulia au iliyofuata yatosha, kwani kosa lake halifiki nusu ya daraja.

Njia ya pili ni duara ambalo watu wa ilimu ya nyakati huliita duara la Kihindi, nayo yafaa zaidi Juni au Desemba. Sawazisha ardhi, simika fimbo, uchore duara kwa kamba, na fimbo iwe katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, kisha hufupika. Tia alama penye duara pale ncha yake iingiapo. Alasiri hurefuka; tia alama pale itokapo. Unganisha alama mbili, huo ni mstari wa mashariki na magharibi. Na mstari uukatao kwa pembe iliyo sawa ni kaskazini halisi. Ukishaipata kaskazini halisi, pima kwa kamba hatua tatu kwenda kaskazini, kisha hatua moja kwenda mashariki. Mstari utokao ulipoanza hata ulipoishia ndio kibla cha Bukoba na cha Muleba. Tatu na moja: hesabu hii fundi yeyote aweza kuishika kichwani, lakini asiichukue mahali pengine, kwani kila mji una hesabu yake.

Aliye njiani na hana nafasi ya hayo atumie dira, aishike ikiwa sawa, mbali na chuma, nje ya nyumba. Aielekee kaskazini ya sindano, kisha ageuke kulia kwa daraja 18 na nusu. Mpotoko wa Bukoba wa leo, kwa kuwa ni mdogo, hauitoi dhana yake katika nguvu.

FASILI YA SITA: MASALA YA MSIKITI ULIOKWISHA KUJENGWA

Huenda mgeni akafika na dira yake katika msikiti wa miaka mingi, akaona mihirabu haikulingana na hesabu. Hapa ndipo fitina huingilia, na hapa ndipo pahitajiwapo ilimu zaidi ya sindano.

Wanavyuoni wa Shafi wamesema kwamba mihirabu ambayo Waislamu wamesali kwayo muda mrefu, haifai kufanya ijtihadi katika upande wake, ila yafaa kufanya ijtihadi katika kuelekea kulia kidogo au kushoto kidogo. Basi mwenye ujuzi huruhusiwa kusahihisha daraja chache kwa dalili. Lakini asisimame peke yake safuni akiwapa watu bega, wala asiseme mbele ya maamuma kwamba sala za wazee wao hazikusihi. Waliosali kwa ijtihadi, kisha ijtihadi yao ikageuka kwa ijtihadi nyingine, hawarejeshi sala. Ama aliyeyakinisha kosa lake, kauli yenye nguvu ni kwamba hurejesha; na masala ya miaka iliyopita apelekewe mwanachuoni, yasikatwe barazani. Tena ikumbukwe kwamba wenye kauli ya kutosha upande ni maimamu wakubwa, na Imamu Ghazali katika Ihya aliipa nguvu kauli hiyo. Daraja 18 hazimtoi mtu katika upande. Kwa hiyo yafaa kusahihisha, wala haifai kuhukumiana.

Wakati mwema wa kusahihisha ni wakati wa kujenga. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha na kupasua majengo mengi ya Bukoba na jirani zake. Msikiti unapojengwa upya, kamati ingoje Julai, isimike fimbo mbele ya wazee na vijana, na kila mtu akione kivuli kwa macho yake. Kivuli hakina kabila wala chama, wala hapana atakayesema kwamba mgeni wa pwani amewageuzia kibla.

KHATIMA

Imebakia neno kwa walimu wa madrasa za Bukoba na Muleba. Duara la Kihindi likishachorwa uwanjani, na kaskazini halisi ikishajulikana, mwanafunzi aweza kuweka dira yake juu ya mstari huo, mbali na mabati, akapima sindano imeuacha mstari kwa kiasi gani. Hesabu hiyo ndiyo mpotoko wa mahali pake. Iandikwe katika daftari la madrasa, pamoja na tarehe, na jina la aliyepima. Mwaka ufuatao ipimwe tena mahali pale pale, kwa dira ile ile. Baada ya miaka 20 madrasa hiyo itakuwa na silsila ya hesabu, na wanafunzi wake watajua kwa macho yao jambo ambalo wengine husoma tu: kwamba sindano hugeuka, na kwamba ilimu isiyopimwa upya huchakaa.

Al-Biruni, aliyekamilisha mwaka 1025 kitabu chake cha kupima umbali wa miji, alifanya hesabu ndefu kwa ajili ya kibla cha mji mmoja tu, Ghazna. Hakuona uzito kuchoka kwa ajili ya sala za watu wa mji mmoja.

MASUALI KWA WANAFUNZI

Suala: Kwa nini kibla cha Mombasa ni kaskazini na cha Muleba si hivyo?
Jawabu: Kwa kuwa Maka iko kaskazini ya Mombasa, na iko kaskazini mashariki ya Muleba, tofauti ni daraja 18 na nusu.

Suala: Je, sindano ni yakini au dhana?
Jawabu: Ni dhana, nayo hupata nguvu kwa kujua mpotoko wake, na kwa kuiepusha na chuma.

Suala: Msafiri aliyesali Bukoba akielekea kaskazini, kisha akajifunza hesabu hii, afanye nini?
Jawabu: Tangu alipojua aelekee sawa. Na kwa sala zilizopita amuulize mwanachuoni, amweleze alisali kwa dalili gani, kwani hukumu ya aliyejitahidi si hukumu ya aliyepuuza.

Na Mwenyiezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.